Naomba kimyakimya, naambiwa sina moto. Je, Mungu anataka tuwe wa aina moja?

Mama_Sare (Makambako)

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naomba mnisaidie kwa Neno, maana jambo hili limenikaa kooni muda mrefu na hapa nilipo sina wa kumuuliza.

Mimi ni fundi cherehani. Nimekulia KKKT, kanisa la Kilutheri, Iringa vijijini. Nilibatizwa na kupata kipaimara huko, na ibada niliyoizoea ni ya utaratibu: unajua sasa tunaungama, sasa linasomwa somo la kwanza, sasa tunanyamaza. Nilipoolewa nikamfuata mume wangu kwenye kanisa lake la kipentekoste. Sikulazimishwa, nilipenda mwenyewe, na watu wa pale nawapenda. Wakisikia umefiwa wanafika kabla hujajua utaanzia wapi. Nilipojifungua mtoto wa pili kina mama walinipikia uji na kunifulia mpaka nikapata nguvu. Nayasema haya kwanza ili mtu asidhani nimekuja kuwasema vibaya.

Tatizo ni maombi. Kwetu tunaomba kwa sauti, wote kwa pamoja, kinanda kinapigwa na spika ziko juu. Mkesha wa Ijumaa ndiyo usiseme. Wa kushoto kwangu analia, wa kulia ananena kwa lugha, wa mbele anapiga mguu sakafuni. Mimi nikifika hapo maneno yananiishia. Kadiri sauti zinavyopanda ndivyo ninavyozidi kutulia ndani, na hapo hasa ndipo ninapojua kwamba Bwana yuko karibu nami. Nafumba macho, sisogei. Anayenitazama anaona nimesinzia.

Mkesha mmoja kiongozi wa maombi alinijia, akanishika bega, akawa anasema kwa nguvu, "Fungua kinywa! Fungua kinywa, mama!" Nikafungua, hakikutoka kitu. Nikaitwa mbele, nikawekewa mikono, wakakemea roho ya ububu. Nikalia kwa aibu, na watu wakashangilia wakidhani nimefunguliwa. Tangu siku hiyo nimekuwa yule mama wa kuombewa.

Kisha ikaja semina ya wanandoa. Mwalimu akafundisha haiba nne, sangwini, koleri, melankoli na flegmati, tukajaza karatasi ya maswali. Mume wangu akaonekana sangwini, yaani mchangamfu, mimi flegmati, yaani mtulivu. Kwa tabia zetu sina ubishi. Yeye ni fundi wa magari. Akiomba anazunguka sebule nzima, anaimba, anacheka, anamwita Mungu Baba kwa sauti ambayo jirani anaisikia. Nampenda hivyo hivyo alivyo. Ila mwalimu akasema flegmati ni wagumu kwa mambo ya Roho kwa sababu "wamepoa", lazima wajichochee. Mume wangu hakusema neno. Lakini siku hizi kwenye maombi ya familia naona ananitazama, ananisubiri.

Niwaeleze ninavyoomba mimi. Desemba na Januari nina kazi nyingi ya sare za shule. Kila mtoto nikimpima, naandika jina lake na vipimo kwenye kipande cha karatasi, nakibana kwa pini kwenye kitambaa chake. Kabla sijapitisha mkasi nalisoma lile jina na kumtaja mtoto mbele za Bwana. Huyu anaanza darasa la kwanza. Huyu mama yake yuko Dodoma kwa kazi za ndani, analelewa na bibi. Huyu kiuno kimepungua kuliko mwaka jana, Bwana, angalia nyumbani kwao kuna nini. Mara nyingine najikuta mguu uko kwenye pedali lakini haukanyagi, na kitambaa kiko pale pale. Hakuna anayesikia. Hata mume wangu sijawahi kumwambia.

Sasa nauliza: Mungu aliyeniumba hivi anangoja nibadilike ndipo anisikie? Au ananijia mimi kwa njia moja na mume wangu kwa njia nyingine, na yote ni yeye? Na huyu kiongozi wangu nimjibu nini bila kuvunja ushirika? Nijibuni kwa maandiko tafadhali, msiniambie tu "usijali".

---

Askari_wa_Msalaba

Shalom dada. Nitakuambia ukweli kwa upendo. Zaburi 47:1 inasema, "Enyi watu wote, pigeni makofi, mpigieni Mungu kelele kwa sauti ya shangwe." Imesema watu wote, haikuchagua haiba. Siku ya Pentekoste, Matendo 2, hakuna aliyekaa pembeni akitafakari. Umati mkubwa ulikusanyika kwa sababu ya sauti iliyosikika. Na Ufunuo 3:16 Bwana anasema wenye uvuguvugu atawatapika.

Ukianza kusema "ndivyo nilivyoumbwa", mwenye hasira naye atasema hivyo hivyo, na mvivu pia. Tabia isiwe ngome ya kujifichia. Funga, mwombe Bwana akuvunje. Kiongozi wako anakupenda, asingekupenda angekupita tu.

---

Mwinjilisti_Mstaafu (Karagwe)

Binti yangu, amani ya Bwana iwe nawe. Nimekuwa mwinjilisti wa mtaa mpaka nikastaafu. Nimezika, nimefundisha kipaimara, nimekaa na waumini wa kila namna, wa kuruka na wa kuinama. Umetaka maandiko. Fungua Yohana 11.

Lazaro amekufa, yuko kaburini siku ya nne. Martha anasikia Yesu anakuja, anatoka kwenda kumlaki njiani, hangoji afike. Mariamu anabaki ameketi nyumbani. Hapo tayari unawaona, mmoja mumeo, mwingine wewe. Sasa msome Martha, mstari wa 21: "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Ruka mpaka mstari wa 32. Mariamu naye amekwisha kuitwa, anafika, anaanguka miguuni pake, anasema: "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa."

Rudia kuisoma. Msiba ni mmoja, Bwana ni mmoja, na maneno ya dada hawa wawili hayatofautiani. Majibu yake je? Na Martha, Yesu anazungumza. Anamwambia ndugu yako atafufuka. Martha anajibu, najua, siku ya mwisho. Naye hamwambii anyamaze, anampeleka mbele zaidi, na hapo ndipo linatoka lile neno ambalo nimelisoma kwenye makaburi mengi kuliko ninavyoweza kukumbuka, "Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima." Kisha anamuuliza wazi, unayasadiki hayo? Martha ni mtu wa kuulizwa akajibu, na anajibu ungamo kubwa kabisa: wewe ndiwe Kristo, Mwana wa Mungu.

Mariamu hapewi fundisho hata moja. Yesu anamwona analia, anaugua rohoni, anauliza mmemweka wapi. Halafu mstari wa 35: "Yesu akalia machozi." Basi. Mariamu angepewa pale chini mafundisho ya ufufuo, yangempita juu ya kichwa. Martha angeliliwa tu, angebaki na swali lake. Bwana alimjua kila mmoja. Na asije mtu akaniambia kwamba alimpenda Mariamu zaidi, kama tunavyomsema Martha kwenye mahubiri miaka yote. Mstari wa 5 unasema aliwapenda wote watatu, na jina linalotangulia ni la Martha.

Ndugu Askari, nimekusoma, na juu ya tabia kuwa ngome una hoja, nitaifikia. Lakini Laodikia, kanisa lililoambiwa hayo ya uvuguvugu, usiitumie hapa. Soma mstari wa 17 unaofuata uone uvuguvugu wao ulikuwa nini: walisema sisi ni matajiri, hatuna haja ya kitu. Hakuna neno juu ya sauti. Mama huyu anayemwombea mtoto aliyepungua kiuno hajasema hana haja ya kitu.

Kama ni kinywa, nenda 1 Samweli 1. Hana yuko Shilo, ana uchungu, anaomba moyoni. Midomo inacheza, sauti haisikiki. Kuhani Eli ameketi karibu na mwimo wa hekalu anaitazama ile midomo, na uamuzi wake ni kwamba mwanamke huyu amelewa. Anamwambia aache divai! Huyo hakuwa mtu wa mataifa, alikuwa kuhani, na alikosea kwa sababu maombi aliyoyazoea hayakufanana na hayo. Hana hakususa. Alimjibu kwa heshima kwamba hajanywa divai wala kileo, amemimina roho yake mbele za Bwana. Eli naye akakubali, akambariki, akamwambia aende kwa amani. Nakupa hili kwa ajili ya kiongozi wako. Mtumishi anaweza kukuona vibaya na bado akawa mtumishi, na ukimweleza anaweza kukubariki.

Nami nimelelewa ndani ya Uamsho huku kwetu, ule uliovuka kutoka Rwanda na Uganda ukafika Karagwe na Buhaya. Nilikuwa mtoto, nikiwaona wakubwa wanaungama dhambi hadharani na kuimba kwa Kiganda hata wasiokijua. Kelele zilikuwepo, na zilikuwa za kweli. Lakini mwanzo wake ulikuwaje? Mwaka 1929, Namirembe pale Kampala, Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walikutana, wakakaa na Biblia, wakaomba. Watu wawili na kitabu. Church akarudi kwenye hospitali yake ya Gahini, Rwanda, na katika miaka ya 1930 moto ukawaka kuanzia huko. Nimewaona walokole walioruka ibada nzima, na nimewaona waliokaa kwenye kona machozi yakiwatoka bila sauti. Ilipofika siku ya kurudisha jembe au mbuzi aliyeibwa zamani, wa aina zote mbili walionekana njiani wakirudisha. Sisi tuliutambua moto hapo.

Hizo haiba nne nazo, usizipe uzito zisizo nao. Hazikutoka kwa Paulo. Ni mafundisho ya matabibu wa Kiyunani, yakaenezwa na Galeni, tabibu wa Pergamo wa karne ya 2. Walifikiri mwilini mwa mtu mna damu, nyongo ya njano, nyongo nyeusi na kohozi, na kinachozidi ndicho kinachompa tabia. Leo tiba ya kisasa haitibu hivyo. Kama ile karatasi imewasaidia ninyi wawili kuvumiliana, ni vizuri. Mwalimu akiitumia kuamua Roho Mtakatifu atamshukia nani, amemkalisha Galeni kwenye kiti kisicho chake.

Sasa hoja ya ngome. Marko 5, mwanamke mwenye kutokwa na damu miaka kumi na miwili. Alikuja kwa nyuma katikati ya umati, aguse vazi, apone, aondoke. Akagusa, akapona. Mungu alimjia kwa namna aliyoiweza, ya kimya, ya kuvizia. Lakini Yesu akasimama. Yairo, aliyekuja kumwita, yuko pale, binti yake yuko kufani, kila dakika ni ya thamani, na Yesu anasimama kuuliza nani amenigusa. Mwanamke akaja akitetemeka, akaanguka mbele yake, akamweleza kweli yote. Ndipo akaitwa "binti". Uponyaji aliupata kwa kimya. Jina hilo alilipata aliposema.

Kwa hiyo, binti yangu, kukaa kwako kimya mkeshani sikukemei hata kidogo. Ila sijapenda kwamba mumeo hajui habari za zile karatasi. Mwambie. Kisha mwende wote wawili kwa kiongozi wenu, nyumbani kwake, mchana, si kwenye mkesha. Mshukuru kwanza kwa kukujali. Mweleze unavyoomba kama ulivyotueleza sisi, na umsomee habari ya Hana.

---

Mkatekista_wa_Songea

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mkatoliki, naomba nichangie kidogo.

Tarehe 12 Machi 1622, Papa Gregori XV aliwatangaza watakatifu watano kwa siku moja. Inyasi wa Loyola, askari aliyejeruhiwa vitani, mtu wa mpango na nidhamu. Fransisko Ksaveri, asiyeweza kutulia, aliyepita hata Malindi yetu mwaka 1542 akielekea India. Teresa wa Avila, mtu wa sala ya ndani sana na papo hapo mwanzilishi wa monasteri, anayebishana na wakubwa na kusafiri kwenye barabara mbovu. Filipo Neri wa Roma, mwenye furaha na mizaha mpaka watu wakashangaa. Na Isidori, mkulima wa karibu na Madrid, aliyeshinda nyuma ya jembe la ng'ombe akisali. Ukiwaweka hao watano kwenye jumuiya ndogondogo moja, sidhani kama wangekubaliana juu ya namna ya kusali rozari. Kanisa liliwatangaza wote siku ile ile.

Na kuhusu kuonekana umesinzia: Teresia wa Mtoto Yesu, mtawa Mkarmeli wa Lisieux, Ufaransa, aliyefariki 1897 akiwa na miaka 24, aliandika kwamba alikuwa akisinzia kweli kweli wakati wa sala. Hakukata tamaa. Alisema wazazi huwapenda watoto wao wakiwa wamelala kama wanavyowapenda wakiwa macho.

Mimi ninavyoona, Mungu mwenyewe yuko upande wa ukimya. 1 Wafalme 19: upepo, Bwana hakuwamo; tetemeko, hakuwamo; moto, hakuwamo. Ikaja sauti ndogo ya utulivu.

---

Dada_wa_Mwaloni (Mwanza)

Bwana asifiwe! Shikamoo baba Mwinjilisti. Mama Sare, nakusalimu mpendwa.

Mimi ni yule mnayemkimbia. Nauza samaki, sauti yangu ni ya mnadani, na nikiomba naomba hivyo hivyo. Namshukuru Katekista kwa hao watakatifu watano, nimewapenda, ila hapo mwisho kwenye Eliya nasimama.

Huyo Eliya wa sura ya 19 ndiye yule yule wa sura ya 18. Kwenye mlima Karmeli Mungu alijibu kwa kitu gani? Kwa moto! Moto ulishuka ukateketeza sadaka, kuni, mawe na mavumbi, ukaramba na maji yaliyokuwa mferejini. Watu wakaanguka kifudifudi. Mbona hatusemi hapo Mungu yuko upande wa kelele? Sura inayofuata mtu huyo huyo amechoka, malkia Yezebeli anamtafuta amuue, naye amelala chini ya mti wa mretemu anaomba afe. Na kitu cha kwanza alichopewa hakikuwa sauti ya utulivu. Alipewa mkate wa moto na gudulia la maji, akala, akalala tena, akaamshwa akala tena. Sauti imekuja baadaye kabisa, mlimani Horebu. Kwa hiyo mimi nasema Mungu hakuangalia Eliya ni haiba gani. Aliangalia leo Eliya yukoje.

Naongea hivi kwa sababu nimeumia. Ukweni kwangu wanasali kanisa la utulivu mkubwa. Mara ya kwanza nilipokwenda, mchungaji akahubiri neno likanigusa, nikasema "Amina!" kwa sauti. Benchi zima likageuka. Nyumbani mkwe wangu akaniambia kwa upole kwamba Mungu si kiziwi. Sikujibu, ni mkwe, lakini niliumia mpaka leo. Sikufanya onyesho. Nikiomba kimya mimi akili inakwenda kwenye bei ya sangara na deni la barafu. Ile sauti ndiyo inayonishika nisitoroke. Mikali alimchungulia mumewe, mfalme Daudi, dirishani anarukaruka mbele za Bwana akamdharau moyoni, na Biblia haikumsifu kwa kuwa na adabu.

Na Bartimayo je? Marko 10. Watu wengi walimkemea anyamaze, naye akazidi kupaza sauti. Yesu akasimama. Angalieni, baba Mwinjilisti ametuonyesha Yesu akisimama kwa ajili ya mwanamke aliyekuja kimya, mimi namwonyesha akisimama kwa ajili ya kipofu mwenye kelele. Umati ulitaka mmoja wao apite bila kuonekana na mwingine afunge mdomo.

Mama Sare, usikubali kuitwa bubu. Ila nakuomba na wewe usituone sisi wa spika kama watu wa juu juu. Najua hujasema hivyo. Wengine wanasema.

---

Mkatekista_wa_Songea

Dada, umenisaidia. Sura ya 18 nilikuwa naisoma kama hadithi nyingine kabisa. Na mkwe wako Mungu amguse.

---

Askari_wa_Msalaba

Baba Mwinjilisti, nimeipitia Ufunuo 3 yote. Nakubali kuhusu mstari wa 17. Ila bado nina swali, na si kwa ubishi. Mimi ni kiongozi wa maombi pia. Mtu amesimama kimya mbele yangu saa nane usiku. Nitajuaje huyu ni Hana na huyu kweli amefungwa? Nikimpita aliyefungwa, damu yake iko mikononi mwangu.

---

Mwinjilisti_Mstaafu (Karagwe)

Swali zuri, na nafurahi umeliuliza wewe mwenyewe. Muulize mtu. Eli angemuuliza Hana kabla ya kumhukumu, asingeaibika. Wala usimuulize hadharani kwenye kipaza sauti. Mwambie kesho nitapita nyumbani, tuzungumze. Yesu alipokutana na Bartimayo, mtu ambaye kila mmoja aliona shida yake ni macho, bado alimuuliza, "Wataka nikufanyie nini?" Ukishamsikia utajua. Na tazama maisha yake ya siku nyingine: anasamehe? Anasaidia? Kazi ya mikono yake ni ya uaminifu? Aliyefungwa huonekana pia Jumanne, si Ijumaa usiku tu.

Dada wa Mwaloni, marahaba. Umesema kweli juu ya Eliya na nakuongezea jambo moja. Siku zile zile alikuwepo Obadia, msimamizi wa nyumba ya mfalme Ahabu, mumewe Yezebeli, mcha Mungu tangu ujana. Hakuita moto. Aliwaficha manabii mia, hamsini hamsini pangoni, akiwalisha mkate na maji, ndani ya utawala wa Yezebeli ule ule. Eliya alisimama mbele ya taifa. Obadia asingeweza kuwalinda watu wale kama angepiga kelele. Na Eliya akilalamika Horebu kwamba amebaki peke yake, Bwana anamwambia ana watu elfu saba. Wengi wao hatuna hata neno lao moja lililoandikwa.

---

Mama_Sare (Makambako)

Shikamoo baba, na asanteni wote. Nilikuwa nasoma tu nikishindwa niandike nini.

Usiku wa juzi, baada ya watoto kulala, nilichukua zile karatasi za vipimo nikazimwaga mezani. Nazitunza kwenye kopo la biskuti, sizitupi. Mume wangu akauliza ni madeni? Nikamweleza. Alinyamaza muda mrefu, na mume wangu si mtu wa kunyamaza. Akaanza kuziokota moja moja anauliza huyu nani, huyu nani. Kuna mtoto wa fundi mwenzake gereji, hakujua kwamba bibi yake ndiye anayemlea. Akasimama, akaanza kutembea kama kawaida yake, anayasoma majina kwa sauti na kuomba, mimi nimekaa. Akifika kwa mtoto ambaye hamjui ananiangalia, namwambia kwa kifupi, anaendelea. Tuliomba hivyo mpaka umeme ukakatika, tukaendelea gizani.

Dada wa Mwaloni, nimekusikia. Siwaoni hivyo. Ukifika Makambako karibu kwangu, uje na sauti yako.

Kwa kiongozi tunakwenda Jumamosi mchana, mume wangu amekubali. Kaka Askari, jibu ulilopewa nitalitumia, nitamwambia angeniuliza tu ningemweleza.

Baba, nimesoma 1 Samweli 1 yote. Swali dogo: huyu Hana aliendelea kuwa hivyo hivyo siku zote? Hakuwahi kuinua sauti?

---

Mwinjilisti_Mstaafu (Karagwe)

Aliinua. Soma sura ya 2 kuanzia mstari wa 1. Mtoto ameachishwa kunyonya, Hana amempeleka Shilo pamoja na ng'ombe, unga na kiriba cha divai, na pale pale alipoonekana mlevi anaomba maombi marefu yanayojaza mistari kumi. Humo anasema kwamba kinywa chake kimepanuka juu ya adui zake. Hakuna aliyemshika bega kumwambia afungue. Sura ya 1 Bwana alikuwa amekwisha kumsikia, mtoto akazaliwa, akanyonya, akaacha, ndipo ikaja sauti. Mkionana na kiongozi msomee sura zote mbili, asije akaishia ya kwanza akadhani unamkataza kutarajia siku yako. Na mkirudi mtuandikie alivyowapokea.